Kicheko Kilichoachwa Chemchemini

Kaeni vizuri, hadithi imefika kwa miguu, na vumbi ililokuja nalo ni la kiangazi.

Hapo kale, katika mbuga ya Msangeni, mvua ilisahau njia ya kurudi. Mto ukageuka mchanga, mabwawa yakapasuka kama visigino vya mzee, na nyasi zikawa zinavunjika mdomoni kama ukoko. Ikabaki chemchemi moja tu, chini ya jiwe kubwa ambalo Simba hupenda kulikalia ili aonekane. Maji yake yalikuwa machache, ila hayakukatika. Wanyama wote wakahamia hapo.

Sungura naye alihamia, akachimba shimo lake kando ya kichaka cha Kanga. Sungura alisifiwa mbugani kote kwa ujanja, lakini ujanja wake ulizaliwa na wasiwasi. Mwenye masikio marefu namna ile husikia mengi, na kila alilolisikia alilipindua mara mbili kabla ya kulala. Kanga, aliyekuwa na vifaranga wapya, alimcheka.

"Jirani, hata jani likianguka unaliuliza limetumwa na nani!"

"Na kama kweli limetumwa?" Sungura alijibu, na wote wawili wakacheka.

Wanyama wa Msangeni walikuwa wa ibada mbili. Wainamaji, kabla ya kunywa, waligusisha paji la uso chini na kumshukuru Muumba aliyeshusha baraka zake ardhini. Wainuaji, kabla ya kunywa, waliinua uso juu na kumshukuru Muumba ambaye mvua hutoka kwake. Sungura, Nyumbu, Swala na Ngiri walikuwa Wainamaji. Kanga, Pundamilia, Twiga na Mbuni walikuwa Wainuaji. Kila mmoja aliipokea ibada yake kwa mama yake, na majina yenyewe yalifanana kiasi kwamba mwenye pengo la meno hakuweza kuyatofautisha.

Fisi alikuwa na dini ya tumbo. Kwa kuwa mwili wake umeinuka mbele na kuinama nyuma, kila upande ulipomtazama ulidhani ni wa kwao.

Sasa, Nyumbu na Pundamilia walikuwa watani tangu enzi za babu zao. Mnajua watani walivyo: hutukanana mchana kutwa na hakuna anayeruhusiwa kununa, hawapigani hata siku moja, na mmoja akifiwa, mwenzake ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Shangazi yake Nyumbu alipofariki mwanzoni mwa kiangazi, Pundamilia alichimba kaburi kwa kwato zake, kisha akajilaza ndani na kukataa kutoka.

"Nyumba nzuri hii, nahamia mimi!" alipiga kelele toka shimoni. "Shangazi yenu atafute nyingine. Alizoea kutangatanga!"

Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatoka, wakampa shada la majani mabichi ndipo akatoka. Aliyelia bila kucheka alikuwa Fisi peke yake. Aliona nyama nzuri ikifukiwa udongo, na moyo wake ukauma kuliko wa wafiwa wote.

Tangu siku hiyo Fisi akawa anawaza. Mmoja akifa, watani wanamzika. Je, wakifa wengi kwa pamoja, nani atakuwa na nguvu ya kuchimba?

Asubuhi moja, Nyumbu na Pundamilia walikutana chemchemini. Nyumbu akainamisha paji la uso mpaka topeni. Pundamilia akamwambia:

"Mtani wangu, ninyi Wainamaji mnainama sana. Ipo siku mtakunywa matope mkidhani ni baraka!"

Nyumbu akacheka hadi mkia ukazunguka. "Na ninyi Wainuaji, mkiinua shingo hivyo, mnamtafuta Muumba au mnatafuta tunda lililoiva?"

Fisi alikuwa amelala nyuma ya kichaka. Aliyachukua maneno yale yote mawili, akayaweka mdomoni. Kicheko akakiacha palepale chemchemini.

Akaenda kwanza kwa Ngiri, ambaye hasira zake huwa zimeshasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Ngiri."

"Marahaba. Una nini?"

"Sina kitu, mzee. Heri nisiseme."

"Sema."

"Nitakuharibia siku."

"Sema, Fisi, kabla sijakuchoma na hii pembe!"

"Wainuaji wanasema ninyi mnaabudu matope."

Ngiri alisimamisha mkia wima kama mlingoti, akaondoka mbio kwenda kuwaambia wenzake. Fisi akajilamba, akaenda kwa Mbuni, ambaye hujiona ndiye nguzo ya ibada kwa sababu shingo yake inafika juu kuliko za ndege wengine.

"Dada Mbuni, nimesikia jambo hata masikio yangu yameona aibu. Wainamaji wanasema Muumba wenu ni tunda."

"Tunda!" Mbuni alishtuka. "Tunda gani?"

"Hawakutaja," alisema Fisi. "Ila nadhani bovu."

Kabla jua halijapanda, mbuga yote ilikuwa imegawanyika. Wainamaji walisema Wainuaji wakinywa, maji yatanajisika. Wainuaji walisema Wainamaji ndio wanaoyanajisi kwa mapaji yao yenye vumbi. Kila upande ukaweka walinzi ili upande wa pili usinywe, matokeo yake hakunywa mtu. Ni Simba tu aliyekunywa, kwa kuwa ni mfalme, na Fisi, kwa kuwa kila upande ulimwona ni mlinzi wake.

Siku ya pili Fisi akapanda jiweni kwa Simba. "Mtukufu, waache wapigane mara moja yaishe. Watakaoshinda ndio wa kweli, na wameahidi watasali wakielekea pango lako."

"Upande gani wa pango?" aliuliza Simba.

"Ule unaoangukiwa na kivuli cha manyoya ya shingo yako."

Simba alitikisa manyoya hayo taratibu, akatazama kama kuna aliyemwona. "Wapigane," akasema. "Kesho, jua likiwa utosini."

Habari ilipofika kichakani, Sungura alimkuta Kanga amewafunika vifaranga kwa mbawa. Midomo yao ilikuwa wazi na haikutoa sauti.

"Tangu jana hawajanywa," alisema Kanga. "Nikienda, Ngiri ananifukuza. Nikirudi, wananitazama. Jirani, eti ni kweli mnasema Muumba wetu ni tunda bovu?"

"Sijasikia Mwinamaji yeyote akisema hivyo. Na ninyi, mnasema tunaabudu matope?"

"Mimi? Mimi hata sijui mnasema nini mkiinama. Siku zote huwa natamani kukuuliza."

Sungura akamsogelea. Wamekaa jirani muda wote huo, wala Kanga hakuwahi kuuliza, wala yeye hakuwahi kumweleza. "Tunasema: ahsante kwa kilichopo chini," akasema.

"Sisi tunasema: ahsante kwa kinachokuja," alijibu Kanga.

Sungura aliokota kipande cha kibuyu, akapenya majanini hadi chemchemini, akagusisha paji la uso chini, akachota. Alipogeuka, Ngiri alikuwa amesimama njiani.

"Maji hayo ni ya nani?"

"Ya kunywa, mzee."

"Unampelekea maji Mwinuaji?"

"Nampelekea maji Kanga."

"Kesho utasimama upande gani?"

Sungura akakikumbatia kibuyu, akajaribu kupita. Ngiri akakipiga kibuyu teke na maji yote yakanyonywa na mchanga. "Kesho nitakuangalia," alisema.

Sungura akazunguka nyuma ya jiwe ili Ngiri asimwone akilia. Huko akasikia mtu akiimba. Fisi alikuwa amesimamisha miti yenye panda, anapanga fito juu yake na kuzifunga kwa kamba. Ulikuwa uchanja, ule wa kukaushia nyama, na ulienea toka jiweni hadi kichuguuni.

Sungura akafuta macho. "Hongera kwa kazi, Bwana Fisi. Uchanja mrefu huo, wa nini?"

Fisi aliruka, fito ikamwangukia mguuni. "Huu? Huu ni wa... mboga. Nakausha mboga."

"Mboga gani?"

"Zile... za majani."

"Sikujua unapenda mboga."

"Nimezeeka," alisema Fisi, mate yakimtoka. "Tumbo halitaki tena vitu vizito."

Sungura aliaga kwa adabu. Akatembea polepole mpaka Fisi asipomwona, kisha akakimbia hadi kwa Nyumbu, aliyekuwa akinoa pembe zake gogoni bila furaha.

"Mjomba Nyumbu, nani alikwambia kwamba Wainuaji wametutukana?"

"Ngiri."

"Na Ngiri kaambiwa na nani?"

"Na Fisi, kama sikosei. Mimi husahau." Nyumbu akaacha kunoa. "Inaniuma, kwa sababu kesho nitakutana na mtani wangu. Tangu tugombane sijapata wa kunitukana. Mara ya mwisho aliniambia nitakunywa matope nikidhani ni baraka. Nilicheka, mwanangu! Mpaka mkia ukanizunguka."

Masikio ya Sungura yakasimama yote mawili. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Nimesahau. Kitu cha matunda."

Sungura alirudi shimoni akiwa na ukweli wote mkononi, lakini wasiwasi haukumwacha. Akimwita Fisi mwongo, Fisi ataapa, na wenye hasira humwamini anayewapa sababu ya kukasirika. Maneno yenyewe ni kweli yalisemwa. Kilichokosekana ni kile Fisi alichokiacha nyuma, na hicho hakielezeki. Lazima kisikike.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Wainamaji walijipanga upande mmoja wa chemchemi na Wainuaji upande wa pili. Simba alikaa jiweni. Fisi alikaa chini yake, akipima kwa macho mbavu za kila upande bila kubagua ibada ya mtu. Sungura alimwona Kanga ng'ambo, vifaranga wamejikunyata nyuma yake. Ngiri alikuwa anamtazama Sungura.

Sungura akatoka mstarini.

"Mtukufu Mfalme, nina jambo la utaratibu."

Simba alipenda utaratibu, hasa ule unaowafanya watu wamgeukie. "Sema."

"Vita hivi vinatokana na matusi. Kwa heshima yako, matusi hayo yatamkwe hapa, na mwenye kuyatoa, mbele ya aliyeyapokea. Isije ikasemwa kwamba mbugani kwa Simba watu walipigana kwa maneno ya kuokota."

"Hakuna haja!" Fisi alidakia. "Ni maneno machafu, Mtukufu. Yatachafua masikio yako."

"Kinachochafua masikio yangu nitaamua mimi," alisema Simba. "Yatamkwe."

"Basi Pundamilia atuambie," alisema Sungura, "alimwambia nini Nyumbu walipokunywa pamoja mara ya mwisho."

Pundamilia akasogea. Alitazama chini, akasema kwa sauti iliyokufa: "Nilisema, ninyi Wainamaji mnainama sana. Ipo siku mtakunywa matope mkidhani ni baraka."

"Mmesikia!" Ngiri alinguruma. "Mmesikia kwa masikio yenu!" Wainamaji wote wakapiga kwato, vumbi likapanda.

Ndivyo Sungura alivyoogopa. Yakisemwa hivyo, yalikuwa tusi kamili. Alijiona amewasha mwenyewe moto alioujia kuuzima.

"Hapana," ilisema sauti nzito. Alikuwa Nyumbu. "Hapana, sivyo alivyosema. Anaharibu."

"Ni maneno yaleyale!" alisema Ngiri.

"Maneno ni yaleyale, lakini alikuwa ananiigiza. Mtani, fanya kama siku ile. Fanya na pua."

Pundamilia alisita, akawatazama Wainuaji wenzake, kisha akamtazama Nyumbu. Akaenda taratibu hadi ukingoni mwa maji, akakunja uso mpaka ukawa mrefu na wa huzuni, Nyumbu mtupu, akainama kwa heshima kubwa, akatumbukiza pua topeni mpaka machoni. Akainuka na tope likimdondoka, akasema kwa sauti ya Nyumbu, mdomo umejaa: "Ahshante Muumba, leo baraka ni nzito kidogo."

Nyumbu akajaribu kujizuia. Mashavu yakavimba. Mkia ukaanza kuzunguka wenyewe. Kisha kikamtoka kicheko kirefu kama ngoma iliyopasuka, na Swala aliyekuwa pembeni yake akacheka, na Twiga ng'ambo akacheka, kwa kuchelewa, kwa vile kicheko chake kina safari ndefu.

"Nimekumbuka na la kwangu!" Nyumbu alipaaza sauti. Akanyoosha shingo juu kama Mbuni, macho ameyafumba, akatembea hivyo mpaka akagonga kichwa kwenye mti. "Ee Muumba... ah, samahani, nilidhani ni wewe. Kumbe ni tunda!"

Wainuaji waliangua kicheko mpaka Mbuni, aliyeapa kutocheka, akaficha kichwa chini ya bawa na manyoya ya mkiani yakawa yanatetemeka.

Ngiri peke yake alibaki amekunja uso. "Hayo ni ya Nyumbu na Pundamilia. Wao ni watani. Sisi je?"

Sungura akamtazama Kanga. Kanga akatoka mbele ya vifaranga wake, mdogo mbele ya pembe zile.

"Mzee Ngiri," alisema, "mimi sina tatizo na ibada yako. Shida yangu ni moja. Ukisali unapiga magoti, na ukila unapiga magoti. Sasa Muumba anajuaje lini unamshukuru na lini unachimba mizizi?"

Mdomo wa Ngiri ukaanza kutetemeka, upande mmoja, kisha wa pili.

"Na wewe Kanga," alisema hatimaye, "unainua kichwa kwa kila tone! Shukrani gani hiyo ya kukatakata? Unamsumbua mwenye mbingu: ahsante, ahsante, ahsante! Hapati hata nafasi ya kuketi!" Akakohoa, na kikohozi kikawa kicheko, na kicheko kikamwangusha chali, miguu juu.

"Tukubaliane, basi," alisema Sungura haraka, kabla kicheko hakijaisha. "Wainamaji na Wainuaji ni watani. Tutataniana sisi kwa sisi, kwa magoti yetu na shingo zetu. Muumba hataniwi. Na mtani hapigani na mtani."

"Mnafanya nini?" Fisi alilia, ameshika kichwa. "Mnacheka nini? Piganeni! Jua linashuka, nyama itakauka saa ngapi?"

Kicheko kikakatika ghafla, kama kamba.

"Nyama gani?" aliuliza Simba.

"Mboga," alisema Fisi. "Nilitaka kusema mboga."

Sungura akawaongoza nyuma ya jiwe. Wanyama wakautazama uchanja ule, mrefu toka jiweni hadi kichuguuni, na kila mmoja akajiona amelala juu yake ameanikwa. Ngiri akamgeukia Sungura, akainamisha kichwa. "Kile kibuyu," alisema. "Nitakijaza mwenyewe."

Simba aliukagua uchanja fito kwa fito. Alikuwa akitafuta sehemu ya mfalme, na hakuiona. Hapo ndipo alipokasirika kwelikweli.

"Huyu ni mwongo na mchonganishi! Nitamla!"

"Mtukufu," alisema Sungura, "asiitwe mwongo. Jana aliniambia uchanja huu ni wa mboga, na tumbo lake halitaki vitu vizito. Tumfanye mkweli."

Simba alifikiri, na kwa mara ya kwanza siku ile akasahau kutazama nani anamwona. "Haya. Atakula kinachokauka kwenye uchanja huu, na hakitakauka kitu hapo ila majani, mpaka nitakaposema basi."

Ngiri, aliyejua mizizi na majani yote ya mbugani, alijitolea kumchumia mchunga, na alichagua ule mchungu zaidi.

Vifaranga wa Kanga waliteremka chemchemini wa kwanza, wote wakawapisha. Waliinama kuchota, waliinuka kumeza, waliinama tena, waliinuka tena. Sungura aliona jambo, akafungua mdomo alitaje, kisha akaufunga. Aliona heri wanywe kwanza.

Mvua ilirudi Msangeni, kama inavyorudi. Wainamaji walisema ni kwa sababu wao waliinama mpaka ardhi ikawaombea. Wainuaji walisema ni kwa sababu wao waliinua shingo mpaka mawingu yakawaona. Jambo hilo halijaamuliwa mpaka leo, na kila kiangazi wanabishana chemchemini mpaka mbavu ziwaume. Mwinamaji akifa, Wainuaji ndio wanaochimba kaburi. Mwinuaji akifa, Wainamaji ndio wanaojilaza ndani yake na kukataa kutoka.

Fisi naye, midomo yake ya kijani, hakuacha tabia. Hujaribu kubeba maneno toka upande huu kwenda ule. Lakini kila akifika na kuanza, "Heri nisiseme, ila wenzenu wamesema...", hata kifaranga mdogo wa Kanga hujua kumuuliza:

"Na kicheko chake, Bwana Fisi, umekiacha wapi?"